Picha ya mnato au video: kipi kikate ubishi wa uamuzi kwenye besiboli?

Mkimbiaji na mpira wamefika besi ya kwanza karibu kwa pamoja. Mwamuzi ametanua mikono kuashiria salama, yaani mkimbiaji hatolewi, na benchi la timu iliyokuwa inalinda limesimama lote. Muda si mrefu mmoja anatoa simu yenye picha, mwingine anatoa simu yenye video, na kila mmoja anaapa kwamba ushahidi wake unatosha. Ulinganisho huu ni wa watu hao wawili, pamoja na kocha, mwamuzi au mratibu wa mashindano anayejiuliza aweke kamera gani, aiweke wapi, na ubishi ukizuka aamini nini.

Msimamo wangu ni huu. Picha ya mnato hujibu swali la "wapi". Video hujibu swali la "kipi kilitangulia". Ubishi mwingi wa besiboli ni wa swali la pili, kwa hiyo video hushinda mara nyingi zaidi. Lakini haishindi kila mara, na kuna uamuzi mmoja, ule wa straiki (kama mpira uliorushwa umepita ndani ya eneo ambalo mpigaji anapaswa kuupiga), ambao vyote viwili havifai kuutolea hukumu.

Picha ya 1948, video ya 2010

Tarehe 6 Oktoba 1948, Boston Braves walicheza na Cleveland Indians mchezo wa kwanza wa World Series, fainali ya ubingwa wa besiboli ya Marekani. Ilikuwa awamu ya nane na hakuna timu iliyokuwa imepata alama. Phil Masi wa Boston alikuwa besi ya pili, amejisogeza hatua kadhaa mbele. Mrushaji Bob Feller wa Cleveland akageuka ghafla, akamtupia mpira mwenzake Lou Boudreau, naye akamgusa Masi aliyekuwa anarudi mbio. Mwamuzi Bill Stewart akasema salama. Baadaye kidogo Tommy Holmes alipiga mpira uliomleta Masi besi ya nyumbani na kupata alama, na Boston wakashinda 1-0. Picha za wapiga picha wa magazeti zilipochapishwa, wengi walioziona walisema Masi aliguswa kabla hajaifikia besi.

Tarehe 2 Juni 2010, mjini Detroit, Armando Galarraga wa Tigers alikuwa amewatoa wapigaji 26 wa Cleveland bila hata mmoja kufika besi. Akimtoa wa 27, anakuwa amekamilisha mchezo kamili, jambo ambalo warushaji wachache mno wamelifanya katika historia yote ya ligi kuu ya Marekani, MLB. Jason Donald alipiga mpira wa chini, Miguel Cabrera akauokota na kumtupia Galarraga aliyekuwa amekimbilia besi ya kwanza. Mwamuzi Jim Joyce akasema salama. Marudio ya televisheni yalionyesha wazi kwamba Donald alichelewa. Joyce mwenyewe alipoyaona baada ya mchezo alikiri kosa bila kujitetea na kumwomba radhi Galarraga. Kesho yake ilikuwa zamu ya Joyce kusimama nyuma ya besi ya nyumbani, na Galarraga ndiye aliyempelekea karatasi ya orodha ya wachezaji. Joyce alilia mbele ya uwanja mzima. Uamuzi haukubadilishwa, hata kamishna Bud Selig hakuugusa, kwa sababu wakati huo kanuni za marudio zilihusu homurani tu, yaani mpira unaopigwa ukavuka ukuta wa uwanja.

Matukio haya mawili yana tofauti moja inayobeba kila kitu kinachofuata. La Masi lingeweza kukaa ndani ya picha moja, kwa kuwa glavu iliyo juu ya mwili wa mtu na mkono ambao bado haujashika besi ni mambo mawili yanayoonekana kwa wakati mmoja. La Donald lilihitaji kulinganisha nyakati mbili: wakati mpira unaingia kwenye glavu, na wakati mguu unakanyaga besi.

Kamera huona kiasi gani?

Kabla ya kubishana, piga hesabu. Video ya kawaida ya simu huchukua fremu 30 kwa sekunde, na simu nyingi zinaweza kuchukua 60. Mkimbiaji anayekwenda mita 8 kwa sekunde husogea takribani sentimita 27 kati ya fremu moja na nyingine katika fremu 30, na sentimita 13 katika fremu 60. Mpira uliotupwa kwa kilomita 130 kwa saa husogea mita 1.2 katika fremu 30, na sentimita 60 katika fremu 60. Maana yake ni kwamba kwenye video ya fremu 30 unaweza kuona mpira ukiwa hewani zaidi ya mita moja kutoka kwenye glavu, halafu fremu inayofuata tayari umo ndani. Kilichotokea katikati hakikurekodiwa, na kuikuza video hakutakirudisha.

Ukiweka mwendo wa polepole wa fremu 240, mkimbiaji husogea sentimita 3 na ushee kwa fremu, na mpira sentimita 15. Hapo ndipo uamuzi wa karibu unapoanza kuonekana. Gharama yake ni mwanga. Fremu zikiwa nyingi, kila moja hupata mwanga kwa muda mfupi zaidi, hivyo jua likizama video inakuwa na chengachenga, na chini ya taa za uwanjani inaweza hata kumetameta.

Picha ya mnato ina nguvu yake hapa. Kamera nzuri mchana hufungua na kufunga shata, mlango wake wa mwanga, kwa 1/2000 ya sekunde. Kwa muda huo mpira wa kilomita 130 kwa saa husogea chini ya sentimita 2, na mkimbiaji milimita 4. Hakuna video ya simu itakayokupa mishono ya mpira na kamba za kiatu zikiwa wazi hivyo. Kinachokosekana ni dakika iliyotangulia na iliyofuata. Hata kamera inayopiga picha 20 mfululizo kwa sekunde inaacha pengo ambalo mkimbiaji wetu anapita sentimita 40.

Usichanganye picha ya mnato na kipande kilichokatwa kwenye video. Watu husambaza fremu moja ya video wakiiita picha, kumbe imebeba ukungu wa mwendo na ubovu wa kubanwa kwa faili. Mbaya zaidi, fremu hiyo imechaguliwa na mtu mwenye upande. Ukiletewa, dai fremu ya kabla na fremu ya baada. Asiyekuwa nazo hajaleta ushahidi.

Besi ya kwanza: hapa ndipo video inapokaa

Kanuni inasema mpigaji aliyepiga mpira na kukimbia ni nje, yaani ametolewa, iwapo yeye au besi ya kwanza itaguswa na mlinzi mwenye mpira kabla hajaikanyaga. Neno zito hapo ni "kabla". Swali ni la wakati.

Tuseme una picha tatu tofauti za tukio moja. Ya kwanza inaonyesha mguu umekanyaga besi, na mpira bado unaonekana mweupe nje ya glavu. Hiyo inatosha: salama. Ya pili inaonyesha mpira umezama kwenye glavu, mguu wa mlinzi uko kwenye besi, na mguu wa mkimbiaji bado uko hewani ukielekea chini. Hiyo nayo inatosha: nje, mradi mpira umeshikwa sawasawa. Ya tatu inaonyesha mguu umekanyaga na mpira umo kwenye glavu. Hii haina thamani yoyote, maana haisemi kipi kilifika kwanza. Na kwa bahati mbaya ya tatu ndiyo inayopatikana mara nyingi, kwa kuwa mpiga picha huvutwa na pale vyote vinapokutana. Picha za namna hii husambaa mitandaoni kama moto, na hazithibitishi kitu.

Video haitegemei bahati hiyo. Isogeze fremu moja moja na utafute alama mbili. Kwenye glavu, usiangalie tu mpira kupotea, maana unaweza kupotea nyuma ya ukingo wa ngozi kabla haujagusa kitu. Angalia ngozi yenyewe: mpira unapotua, mfuko wa glavu hutikisika na kiganja hurudi nyuma kidogo. Kwenye besi, angalia kivuli chini ya kiatu. Kivuli na soli vikikutana, mguu umetua. Wakati mwingine besi yenyewe hubonyea ukingoni, au vumbi hutimka. Ukipata fremu ya kutikisika kwa ngozi na fremu ya kukutana kwa kivuli, umepata jibu. Zikiwa fremu ileile, video yako haina jibu, na uamuzi wa mwamuzi ubaki ulivyo.

Jambo moja linapotosha watu wengi: sauti. Waamuzi wa besi ya kwanza hufundishwa kukaza macho kwenye mguu na kusikiliza mpira ukipiga glavu. Inawezekana kwao kwa sababu wamesimama mita chache tu. Anayerekodi akiwa jukwaani mita 50 kutoka kwenye besi hupata sauti iliyochelewa kwa karibu sekunde 0.15, na muda huo mkimbiaji amekwenda zaidi ya mita moja. Kwa hiyo video yake itakuonyesha mguu umekanyaga zamani ndipo "pa!" ya glavu isikike, na atajiona ana ushahidi usiopingika wa salama. Zima sauti kabla ya kuhukumu.

Kumgusa mkimbiaji kwa mpira

Katika besi nyingine, mkimbiaji asiyelazimika kusogea ili kumpisha mwenzake wa nyuma hutolewa kwa kuguswa, na hapa picha inapata nafasi yake tena. Kinachobishaniwa mara nyingi ni kama glavu ilimfikia kabisa. Picha safi iliyopigwa upande sahihi inaweza kuonyesha kitambaa cha jezi kimekunjamana chini ya glavu, au mwanya wa hewa kati ya glavu na goti. Video ya fremu 30 huwa inaonyesha ukungu wa mikono tu.

Tatizo la picha hizi ni lenzi ndefu. Kamera iliyo mbali ikivuta karibu, huondoa kina: vitu vilivyotengana kwa nusu mita huonekana vimegusana. Glavu iliyo mbele ya mguu huonekana iko juu ya mguu. Uliza kila mara mpiga picha alisimama wapi. Kama alikuwa kwenye mstari mmoja na glavu pamoja na mguu, yaani kimoja kiko mbele ya kingine, picha yake haiwezi kuthibitisha mguso. Ushahidi unaoaminika hutoka ubavuni, ambako mwanya ungeonekana kama ungekuwepo.

Mfano ninaoupenda kwa hili ni wa tarehe 28 Septemba 1955. Jackie Robinson wa Brooklyn Dodgers aliiba besi ya nyumbani (aliikimbilia bila mpira kupigwa) dhidi ya New York Yankees katika mchezo wa kwanza wa World Series. Mwamuzi Bill Summers akasema salama. Mdakaji wa Yankees, Yogi Berra, alimrukia mwamuzi kwa hasira, na hadi alipofariki mwaka 2015 alishikilia kwamba Robinson alikuwa nje. Picha zipo na filamu ipo, na ubishi bado upo. Mwili wa Berra, glavu na mguu wa Robinson vimerundikana mahali pamoja, na kamera za siku hiyo hazikukaa pale ambapo zingevitenganisha. Kuongeza picha kumi za pembe ileile kusingesaidia.

Video nayo imeleta jambo ambalo zamani halikuwepo. Mkimbiaji akijirusha na kuteleza kwa kasi, hugusa besi, kisha mwili hudunda na kuachana nayo kwa kitambo kidogo sana. Mlinzi akibakiza glavu yenye mpira mgongoni mwa mkimbiaji, kwa kanuni ni nje. Kwa miongo mingi hakuna jicho lililouona mwanya huo, na mtu aliyefika kabla ya mpira alihesabiwa salama. Tangu marudio yapanuliwe, walinzi wa MLB wamejifunza kubana glavu juu ya mkimbiaji hadi mwisho, wakisubiri mdundo. Kwa maoni yangu, ligi yenye kamera nyingi haina budi kuifuata kanuni ilivyoandikwa. Kwenye mashindano ya vijana yenye simu moja jukwaani singeruhusu kabisa uamuzi wa aina hiyo upitiwe. Mwanya wa sentimita moja unahitaji pembe ambayo simu hiyo haina, na kuwatoa watoto kwa bahati ya mahali simu ilipowekwa si haki.

Mstari na ukuta

Mpira ulitua ndani ya mstari au nje? Hili ni swali la "wapi", na picha moja ya shata ya kasi iliyopigwa kwa kuufuata mstari, mpira ukiwa umebonyea ardhini, inamaliza kazi. Mstari wenyewe ni sehemu ya ndani, kwa hiyo mpira ukiugusa hata kwa ukingo ni halali. Hata picha ya alama iliyoachwa kwenye chokaa husaidia, ila lazima video ithibitishe kwamba alama hiyo ni ya mpira huu. Ukitazama kutoka pembeni mwa mstari, unapotoshwa: mpira ulio hewani huonekana umevuka mahali ambapo haukuvuka.

Ukuta wa homurani ni hivyohivyo, pamoja na suala la mashabiki. Tarehe 9 Oktoba 1996, Derek Jeter wa Yankees alipiga mpira mrefu upande wa kulia, Tony Tarasco wa Baltimore Orioles akajiandaa kuudaka ukutani, na mvulana wa miaka 12 akanyoosha glavu yake kutoka jukwaani na kuuvuta. Mwamuzi Rich Garcia alisema homurani. Picha na video zote ziliweka wazi kwamba kijana aliugusa mpira, na Garcia baada ya kuona marudio alikubali kwamba kulikuwa na kuingilia. Kilichobaki, yaani kama Tarasco angeudaka, ni swali la wakati na mwendo: aliruka au hakuruka, mpira ulikuwa unashuka kwa mteremko gani. Picha haiwezi kulijibu. Video inaweza kulikaribia.

Mpira unaodakwa karibu na nyasi, hapo achana na picha. Nyasi huficha sehemu ya chini ya mpira, na kila picha itaonekana kama umedakwa. Kwenye video tazama glavu: mpira uliogonga ardhi kwanza huingia ukiwa unapanda, na vidole vya glavu hunyanyuka.

Straiki: weka simu mfukoni

Hapa nitakuwa mkali. Picha au video ya shabiki haipaswi kamwe kutumika kubishia straiki. Mpira wa kilomita 150 kwa saa husogea karibu sentimita 70 kati ya fremu mbili za video ya fremu 60, na besi ya nyumbani ina upana wa sentimita 43 tu. Una bahati kubwa ukipata hata fremu moja mpira ukiwa juu ya besi. Kamera ya televisheni iliyo nyuma ya uwanja kwa kawaida haikai katikati kabisa, maana mrushaji angeziba, hivyo hutazama kwa mshazari. Na picha ya glavu ya mdakaji huonyesha mpira ulipoishia. Mpira unaopinda unaweza kukatiza eneo la straiki na kudakwa chini au pembeni kabisa.

Ndiyo maana ligi kubwa zilijenga kitu kingine. Mfumo wa Hawk-Eye unaotumiwa MLB una kamera 12 kuzunguka uwanja, na kompyuta hukokotoa njia ya mpira kwa kulinganisha kamera kadhaa kwa pamoja. Ligi ya Korea Kusini, KBO, ilianza mwaka 2024 kuachia mfumo wa namna hii uamue kila mpira unaorushwa. MLB ilichagua njia ya katikati kuanzia msimu wa 2026: mwamuzi anaamua, na mpigaji, mrushaji au mdakaji anaweza kupinga papo hapo kwa kugonga kofia yake. Kila timu huanza na pingamizi mbili, na ikishinda pingamizi haiipotezi. Eneo la straiki hupimwa kwa urefu wa mpigaji: juu ni asilimia 53.5 ya urefu wake, chini ni asilimia 27. Mimi naona MLB wamepatia. Mwamuzi anabaki na kazi yake, na mpira mmoja unaoamua mchezo unapata nafasi ya pili.

Mwendo wa polepole una madhara yake

Waliozoea VAR kwenye soka wanalijua hili. Itifaki ya VAR inaelekeza mwendo wa polepole utumike kwa mambo ya hakika, kama mahali pa mguso, na ukali wa tukio utazamwe kwa kasi ya kawaida. Kwenye besiboli fanya vivyo hivyo. Mkimbiaji anayeteleza kumvunjia mlinzi mchezo, au mlinzi anayeziba njia, akitazamwa polepole huonekana ana muda wa kufikiri na kukwepa. Kwa kasi ya kweli alikuwa na sehemu ndogo ya sekunde. Tafuta mguso kwa mwendo wa polepole, kisha rudisha kasi ya kawaida kabla ya kusema alikusudia.

Kipimo cha kubatilisha

MLB ilianza marudio tarehe 28 Agosti 2008 kwa homurani pekee, na mwaka 2014 ikapanua na kuwapa mameneja haki ya kupinga. Video za viwanja vyote hupelekwa New York, ambako waamuzi wengine huzitazama. Majibu yao ni matatu: uamuzi umethibitishwa, uamuzi umebatilishwa, au uamuzi unabaki. Hilo la tatu maana yake ni kwamba hakuna ushahidi ulio wazi na wa kuridhisha upande wowote, na mwamuzi wa uwanjani anaheshimiwa kwa kuwa ndiye aliyekuwepo.

Mashindano madogo yanayotaka kutumia video yaige hilo kabla ya kununua kamera ya pili. Bila jibu la tatu, kila fremu yenye ukungu itageuka vita. Na kama kanuni zenu haziruhusu marudio, matokeo yasiguswe baada ya mchezo hata video iwe safi namna gani. Itumike kumfundisha mwamuzi wapi asimame siku nyingine. Mashindano mengi ya shule na vijana hayaruhusu, na ni vyema kusoma kanuni kabla ya kumkimbilia mwamuzi na simu mkononi.

Ukiwa na kamera moja

Chagua video, na uiweke besi ya kwanza, maana hapo ndipo matukio ya karibu hutokea kwa wingi. Simama nje ya uwanja, sambamba na besi, ukiutazama mstari wa mkimbiaji kutoka ubavuni, ili mguu na glavu viwe umbali mmoja kutoka kwenye lenzi. Weka simu kwenye stendi, usivute karibu kwa vidole. Mchana tumia fremu 240. Jioni shuka hadi 60. Faili ikitakiwa na waamuzi, usiitume WhatsApp kama video ya kawaida kwa sababu itabanwa na maelezo madogo yatapotea. Itume kama hati, au wape simu yenyewe waitazame.

Ukiwa na mtu wa pili mwenye kamera nzuri ya picha, usimweke karibu yako. Mpeleke mwisho wa mstari wa kushoto au wa kulia, atazame kwa kuufuata mstari, na kazi yake iwe mpira unaotua tu. Kati ya hawa wawili mtakuwa mmeshughulikia sehemu kubwa ya ubishi unaoweza kukatwa kwa kamera, na besi ya nyumbani mwachieni mwamuzi, maana yuko karibu kuliko lenzi yoyote mtakayoweza kuisimamisha.